Mtoto aliyeacha sungura wake Berlin

Familia ikikimbia vita usiku, mama anachagua haraka: sufuria, blanketi, unga, karatasi za shule. Vitu vya kuchezea vya watoto vinabaki. Mtoto mmoja wa Ujerumani aliyeacha hivyo sungura wake wa kitambaa alikuja kuwa mwandishi anayesomwa na vijana wa inchi nyingi. Jina lake ni Judith Kerr.

Alizaliwa Berlin mwaka 1923. Baba yake, Alfred Kerr, alikuwa mwandishi wa magazeti mwenye sifa kubwa. Alikuwa Myahudi, na alimpinga Hitler bila kujificha. Mwanzoni mwa 1933 polisi mmoja alimwonya kwa simu kwamba watamnyang'anya pasipoti. Baba alikuwa kitandani na homa. Aliamka, akapanda treni, akavuka mpaka. Muda mfupi baadaye mama, Julia, akamfuata na watoto wawili: Judith wa miaka 9 na kaka yake Michael. Mwezi wa tano mwaka huohuo, vitabu vya baba vilichomwa moto hadharani.

Walikaa Uswisi, wakahamia Paris, na mwaka 1936 wakafika London. Kila mahali Judith alianza upya: shule mpya, lugha mpya. Alijifunza Kifaransa, kisha Kiingereza. Kwa baba ilikuwa vigumu zaidi. Mtu aliyeishi kwa kalamu alijikuta katika inchi ambamo hakuweza kuandika kwa lugha ya watu. Pesa ziliisha, familia ikaishi katika vyumba vya hoteli ya bei ndogo.

Lakini watoto hawakuona mzigo wote. Judith alisema mara nyingi kwamba kwake safari ile ilikuwa kama mchezo wa kusisimua. Alipokuwa mtu mzima ndipo alipoelewa jinsi wazazi wake walivyoteseka kimya.

Wakati wa vita alifanya kazi na Msalaba Mwekundu. Baadaye alisomea uchoraji, akafanya kazi BBC, akaolewa na mwandishi Nigel Kneale, wakapata watoto wawili. Mwaka 1968 alitoa kitabu cha watoto wadogo juu ya chui milia anayekuja kunywa chai, na kikapendwa sana.

Siku moja mtoto wake wa kiume alitazama filamu juu ya familia inayowakimbia Wanazi huku ikiimba. Akafikiri kwamba utoto wa mama yake ulikuwa hivyo. Judith aliona lazima aeleze ukweli. Mwaka 1971 alitoa kitabu juu ya msichana Anna, anayeacha sungura wake wa rangi ya waridi nyumbani Berlin. Kilifuatwa na vingine viwili, 1975 na 1978, kwa vijana wakubwa zaidi: mabomu London, kazi ya kwanza, mapenzi, na kurudi Berlin. Alikiandika kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu. Mwaka 1974 Ujerumani, inchi iliyomfukuza, ilikipa zawadi yake ya vitabu vya vijana, na wanafunzi wengi huko wanakisoma shuleni.

Michael alikuwa jaji mkubwa Uingereza. Judith aliendelea kuchora na kuandika mpaka uzee, akafariki tarehe 22 mwezi wa tano 2019, akiwa na miaka 95.

Kuna jambo moja ambalo wazazi walio kambini wangependa kulijua. Sungura alibaki, lakini Julia, katika mizigo michache aliyobeba kutoka Berlin, alitia michoro ya binti yake. Zilikuwa karatasi tu za mtoto, zisizouzika sokoni. Leo zinatunzwa Uingereza, katika nyumba ya kuhifadhi vitabu vya watoto.

Kwa hiyo, mtoto akichora nyumba ya kijijini kwa mkaa juu ya kipande cha katoni, mzazi asiharakishe kuwashia moto. Akiuliza kwa nini walihama, aelezwe kwa maneno anayoweza kuyabeba. Huyo ndiye atakayesimulia kesho.