Robo Kilo ya Chuma

Ford Popular ya guka ilikuwa kwenye stoo ya kahawa tangu kabla sijazaliwa, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Ni zile za Uingereza za miaka ya hamsini, milango miwili, injini ya sisi 1172, gia tatu. Breki zake zinavutwa na vyuma, hazijui mafuta. Guka alipotuacha, gari likaangukia binamu yangu, dereva wa matatu ambaye hajawahi kuona kitu kisichohitaji kurembwa.

Kwenye simu yake alikuwa na picha za Ford kuukuu za Marekani, zile wanazoita hotirodi. Boneti imetolewa, magurudumu yako nje, na ekseli ya mbele inaonekana yote, imetobolewa mashimo ya duara yaliyopangwa kama ya filimbi.

"Nataka hivi," akasema. "Kumi na mawili."

Mashimo hayo yana historia. Baada ya Vita vya Pili, vijana wa California walikuwa wakishindana mbio kwenye maziwa yaliyokauka, na kila mtu alitaka gari jepesi. Wakakata, wakang'oa, wakatoboa. Baadaye watu wakayapenda mashimo kwa sura tu, hata kwenye gari la kwenda dukani. Nilipiga hesabu ya letu: shimo la milimita 20 kwenye chuma cha unene wa milimita 8 linatoa kama gramu 20. Mashimo kumi na mawili, robo kilo. Robo ya sukari, basi.

Kazi ilikuwa ya gereji ya Anko, pale Kerugoya, kando ya barabara inayoteremka kwenda Kutus. Mimi nilikuwa pale kwa sababu niliacha uhandisi wa mitambo mwaka wa pili. Nyumbani hadithi rasmi ilikuwa kwamba nimeahirisha masomo. Usiku niliandika makala za kulipwa kuhusu dawa za meno na bima, mchana nilishika spana. Mbele ya wateja Anko aliniita injinia, na mimi nikaitika.

"Injinia, chora," akaniambia siku hiyo.

Nikachora. Ukikata ekseli ile katikati utaona umbo la herufi I. Springi zinaisukuma chini kwa uzito wa gari, magurudumu yanaisukuma juu, kwa hiyo inataka kupinda: ukingo wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Katikati kuna mstari ambao karibu umelala. Toboa hapo. Usikaribie mahali springi inaposhika wala kule mwisho kwenye kingipini. Niliongea kama lekchara, nikafurahi kweli.

Anko akapitisha kidole gumba kwenye chuma. "Mimi ningesema tu usiguse midomo."

Midomo ndiyo zile kingo mbili. Mihula mitatu ya chuo, na mzee ameimaliza kwa neno moja.

Tukaanza. Unapiga alama kwa panchi, unaingia na biti ndogo, kisha kubwa, drili polepole, oili bila uchoyo. Ukiwa na pupa, biti inawaka na chuma kinakuwa kigumu mbele yako. Kila shimo likitoka unalainisha ukingo wake kwa tupa, maana ufa huanzia kwenye mkwaruzo. Mashimo tisa yalitoka safi. Hadi kufika la kumi jua lilikuwa linazama na binamu alikuwa ananirekodi video. "Injinia, maliza bana, giza linaingia!"

Shimo la kumi sikulipima. Nilikadiria kwa jicho. Biti ikateleza, ikauma mdomo wa chini, ule unaovutwa. Milimita tatu hivi. Hakuna aliyeona, kamera ilikuwa usoni mwangu.

Najua jinsi ya kuficha kitu kama hicho. Unajaza kwa weldi, unapitisha greinda, rangi nyeusi, kwisha. Nimeona magari mengi yakitoka hivyo, na yanatembea. Nikasema mwanga hautoshi, tumalize kesho. Usiku sikulala. Niliiona ile Ford ikiteremka kwenda Kutus na breki zake za vyuma, binamu amemweka mtoto wake mbele, kwa sababu angemweka mbele tu, namjua.

Asubuhi nikamwonyesha Anko. Akaangalia, hakusema kitu, na labda huo ukimya ndio ulionitoa lile lingine. "Na Anko, mimi si injinia. Sikuahirisha. Niliacha."

"Najua," akasema, bado ameinama. "Mamako aliniambia ile siku ulirudi na godoro."

Mwaka mzima, alijua.

Nikauliza kama weldi itasaidia. Akatikisa kichwa. Chuma hiki kilifuliwa, ukikichoma hapo kitavunjika kando ya weldi. Akampigia binamu mwenyewe, lakini akanipa simu niongee. Binamu hakupiga kelele. Alisema "sawa," akakata, na kwa miezi miwili tukikutana steji aliangalia upande mwingine. Hiyo ilikuwa ekseli ya guka, haiuzwi dukani.

Sasa ni benchi, imewekewa matofali mlangoni pa gereji na ubao juu. Wateja wakisubiri huchezea mashimo kwa vidole. Ford iko juu ya mawe. Nimemwomba Anko aache kuniita injinia, hajaacha. Wiki jana binamu alinitumia meseji, ya kwanza tangu siku ile: kuna mtu Karatina ana ekseli ya Ford. Nilipanda matatu nikaenda na rula yangu. Ilikuwa ya trela.