Ndiyo, Mjomba, Yote

Juu ya meza ninapofundishia katekisimu pana ganda moja la risasi, tupu, limekatika karibu na kitako. Kila mwaka watoto huniuliza: «Katekista, hiki ni kitu gani?» Mimi huwajibu: «Ni uwongo wangu.» Wao hucheka. Leo nataka kuwaeleza ninyi watu wazima maana ya jibu lile.

Mwaka 2009 nilikuwa mseminari. Wakati wa likizo nilikwenda kukaa kwa mjomba wangu, ndugu yake mama, aliyekuwa mlinzi wa shamba kubwa la mahindi upande wa Zambia. Sisi watu wa Katanga tunajua kwamba mpaka ule uliikata nchi, lakini haukuukata ukoo. Nguruwe mwitu walikuwa wakiingia shambani usiku, na usiku mmoja wao huharibu kazi ya miezi. Mwenye shamba alikuwa na bunduki mbili, zote zenye ruhusa ya serikali. Alimwambia Mjomba achague moja.

Bunduki ya kwanza ilitumia risasi kubwa ya Waingereza, iitwayo .375 Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912. Kichwa chake huwa na uzito wa gramu 19 hivi. Ya pili ilikuwa Mauser ya zamani, ya risasi ya Kijerumani ya 7×57, iliyotengenezwa mwaka 1892. Kichwa chake kizito ni gramu 11 tu, nacho hutoka kwa mwendo wa meta 700 hivi kwa sekunde. Nguvu ya ile kubwa ni mara mbili ya hii. Vijana wote wa shamba walidhani Mjomba atachukua kubwa. Yeye alichukua ndogo, wakamcheka.

Jioni nilimwuliza sababu. Akaniambia: «Mwipwa wangu, usiiulize bunduki ina nguvu gani. Jiulize mambo matatu. Unapiga mnyama gani? Yuko mbali kiasi gani? Na bega litakalopigwa ni la nani? Nguruwe wa kilo 70, aliye hatua 60 mbele yangu, hahitaji risasi ya mbogo. Na mtu anayeogopa teke la bunduki hufumba macho kabla ya kufyatua.»

Baadaye nilisoma habari za Mskoti mmoja, Walter Bell, aliyewinda Karamoja katika Uganda zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Aliua tembo zaidi ya elfu, na wengi wao kwa risasi hiyo hiyo ya 7×57, kwa sababu alijua vizuri sana mahali pa kupiga. Sisemi hayo ili kusifu mauaji ya tembo, wala mtu asimwige: leo tembo wanalindwa, na sheria za nchi nyingi zinadai risasi kubwa kwa wanyama wakubwa. Nasema tu kwamba Mjomba hakuwa mjinga.

Tena alikuwa na sababu ya nne, nayo ndiyo iliyonileta kwenye kosa langu. Risasi nzima ina vitu vinne: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki inayoiwasha baruti, na ganda linaloshika vyote. Kichwa, baruti na fataki hutumika mara moja tu. Ganda hubaki, na mtu mwenye vyombo na ujuzi aweza kulijaza tena. Mwenye shamba alikuwa akijaza mwenyewe, kwa vipimo vya kitabu cha kiwanda, wala hakumruhusu mtu mwingine kugusa baruti. Lakini kutunza maganda ilikuwa kazi ya Mjomba. Ganda la ile .375 lina mkanda karibu na kitako, na bunduki hulishika kwa mkanda huo. Mara nyingi mwili wake hupata nafasi ya kunyooka mbele ya mkanda kila linapopigwa, basi lisipotunzwa kwa akili huchoka upesi. Ganda la 7×57 halina mkanda. Likitunzwa vema, na kujazwa bila pupa, laweza kurudi kazini mara 10 au zaidi.

Ganda hilo ni la shaba iliyochanganywa na zinki: katika sehemu 100, shaba 70 na zinki 30. Watu wa Kipushi watafurahi kusikia hivyo, maana mgodi wao umetoa vyote viwili. Na tabia ya madini hayo mababu zetu waliovuta nyaya za shaba waliijua sana: ukiipiga na kuivuta, inakuwa ngumu, ukiendelea, inapasuka, ukiirudisha motoni, inalainika.

Ndivyo lilivyo ganda. Baruti ikiwaka, ganda hupanuka. Likiingizwa katika chombo cha kulikaza, hupungua. Kupanuka na kupungua huko hulifanya shingo yake iwe ngumu. Kwa hiyo, baada ya kupigwa mara tatu au nne, Mjomba aliyasimamisha maganda ndani ya sahani ya maji, vitako vikiwa majini, akaipasha shingo moto kidogo mahali penye giza ili aone rangi inapogeuka, kisha akaliangusha ganda majini. Kitako hakikuguswa na moto hata siku moja, kwa sababu kitako kikilainika, ganda ni hatari kwa mpigaji.

Alinifundisha na mengine. Ganda lisikazwe kupita lazima, bali liingie tu katika bunduki yake bila shida. Shingo ikirefuka ikatwe kwa kipimo. Fataki ikiingia kwa ulegevu, ganda litupwe. Na maganda yasiwekwe karibu na zizi la mbuzi. Zamani katika Uhindi maganda ya askari Waingereza yalikuwa yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa mvua. Mwaka 1921 wataalamu walieleza sababu: ni ile hewa kali ya mkojo wa farasi, iitwayo amonia, ambayo hula shaba yenye zinki.

Lakini kazi kubwa kupita zote ilikuwa kazi ya waya. Ganda linapozeeka, huwa jembamba kwa ndani, juu kidogo ya kitako. Kwa nje pengine utaona mstari unaong'aa, pengine hutaona kitu. Basi unachukua waya mgumu, unapinda ncha yake, unaiingiza ndani na kuipapasa. Ncha ikinasa katika mfereji, ganda hilo limekwisha.

Siku moja Mjomba alinipa mkebe wa maganda 20 niyapime. Juu ya kifuniko alikuwa amechora mistari minane, mmoja kwa kila mara yalipopigwa. Nilipima manane. Yote yalikuwa mazuri. Vijana wakaniita uwanjani kucheza mpira, nikafunga mkebe. Mjomba akaniuliza: «Umepima yote?» Nikajibu: «Ndiyo, Mjomba, yote.»

Siku ya nne usiku tulisikia mlio, kisha kilio cha mtu. Ganda lilikuwa limekatika ndani ya bunduki. Mauser ile ilitengenezwa kabla ya aina ya mwaka 1898, nayo haikuwa na njia nzuri za kupitishia moshi pembeni. Moshi na vipande vidogo vya shaba vilimrudia Mjomba usoni. Alilala hospitali majuma matatu. Jicho la kuume halikupona sawasawa.

Mwenye shamba alipouliza, Mjomba alijibu: «Kosa ni langu, nililikaza ganda kupita kiasi.» Bunduki ikachukuliwa. Yeye akawekwa kufungua lango, kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Nikarudi seminari.

Niliungama. Padri alinipa maondoleo, lakini aliniagiza pia nirudishe nilichoharibu, maana niliharibu jicho na jina la mtu. Jicho sikuweza. Jina niliweza, ila nilichelewa miaka miwili, nikitafuta kila mara sababu ya kutosafiri.

Mwisho nilikwenda. Mjomba alikuwa amekaa langoni. Nilipiga magoti nikasema yote. Aliinuka, akaingia nyumbani, akarudi na ganda hili lililokatika.

«Nilijua,» akasema. «Nilipotoka hospitali niliyapima maganda yaliyobaki katika mkebe ule. Manne yalikuwa na mfereji.»

«Mjomba, kwa nini hukuniambia?»

«Ningekupiga, ungekuwa mgumu. Shaba hailainishwi kwa nyundo, mwipwa wangu. Niliuacha moto ufanye kazi yake. Sasa ondoka, ukamwambie mwenye shamba.»

Nilikwenda. Mwenye shamba alinisikiliza, hakusema neno kwa muda mrefu. Bunduki ilikwisha kuuzwa, na mshahara haukurudishwa. Lakini siku ile ile aliwaita wafanyakazi, akawaambia kwamba mlinzi wake hakukosea. Mjomba alisimama wima katikati yao, jicho lake likitoka machozi.

Ndugu wawindaji mlio na ruhusa, chagueni risasi inayotosha kazi na bega lenu, hesabuni maganda yenu, nanyi pimeni yote, si manane. Na sisi sote, tunapotafuta dhambi zetu moyoni kabla ya Kitubio, tusiishie mahali ambapo waya unapita bila kunasa. Yale kumi na mawili ambayo sikuyagusa, ndimo lilimokuwa lile lililompiga Mjomba.

Tumsifu Yezu Kristu.