Naingia, Siwezi Kutoka

Kwa wiki tatu Mama hakujibu sauti zangu. Nasema sauti kwa sababu ndivyo anavyoziita yeye: "Nitumie sauti, usiniandikie, macho yangu unayajua." Mimi niko Nairobi, yeye yuko Voi, na kwa miaka minne tumekuwa tukiongea hivyo. Asubuhi nikiwa kwenye matatu namtumia ya dakika moja. Jioni akishafunga kibanda chake cha leso ananijibu ya dakika sita, nusu yake akisalimiana na wapita njia.

Halafu kimya. Nikimpigia anashika, tunajuliana hali, namuuliza, "Mama, mbona siku hizi hunitumii sauti?"

"Kazi ni nyingi, mwanangu."

Nikaamini. Ama niseme ukweli: niliamua kuamini, maana ilinifaa. Hata mimi nilikuwa na mambo yangu.

Pasaka nikapanda treni. Usiku wa kwanza, baada ya kula, akaniambia niketi. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, vile mtu hushika majibu ya hospitali.

"Nafikiri nimeanza," akasema.

"Umeanza nini?"

"Kama nyanya yako."

Nyanya alianza kwa kusahau mahali anapoweka sukari. Kisha akawa anasahau kama amekula. Mwisho alikuwa akimtazama Mama, binti yake aliyemwogesha asubuhi hiyohiyo, na kumuuliza kwa adabu, "Wewe mtoto wa nani?" Mama alimuuguza mpaka siku ya mwisho. Kwa hivyo siku aliposhindwa kufungua sauti kwenye simu, hakuwaza simu. Aliwaza kichwa chake. Na akakaa na hilo wazo peke yake wiki tatu, akiniambia kazi ni nyingi.

Nikaomba simu nione. Sekunde kumi zilitosha. Ilikuwa imesasishwa.

Inabidi nieleze Mama hutumia simu vipi. Alisoma hadi darasa la saba na kusoma anajua, ila mtoto wa jicho amemfanya aone maandishi kama yako nyuma ya pazia. Nilipomnunulia simu, sikumfundisha maneno. Nilimfundisha mahali. Tulichora kwenye karatasi ya daftari: kijani, chini kulia, bonyeza. Jina la juu ndilo mimi. Kipaza sauti, shikilia, ongea, achilia. Kutoka, kile kitufe cha chini. Baada ya mwezi mmoja karatasi ikawa ya kufunikia sufuria ya maziwa, kwa sababu kidole chake kilikuwa kimeshajua njia, vile mguu wake unavyojua njia ya sokoni hata umeme ukipotea.

Sasa ile kijani ilikuwa imehamia ukurasa wa pili. Maandishi niliyokuwa nimemkuzia yalikuwa yamerudi kuwa madogo. Na vile vitufe vitatu vya chini, ikiwemo kile cha kurudi, havikuwepo kabisa. Siku hizi unatakiwa kutelezesha kidole kutoka ukingoni mwa skrini. Ni rahisi, kama kuna mtu amekuambia.

"Naingia, siwezi kutoka," Mama akasema. "Kila nikiingia mahali inabidi niizime yote, niiwashe tena. Nikaona aibu. Nikaiacha."

"Ilianza lini?"

"Siku ile ilisema Sasisha. Si wewe uliniambia nikiona hilo neno nibonyeze, nisiogope?"

Ni kweli. Nilimwambia. Na nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejua.

Nikaingia kwenye mipangilio. Vitufe vitatu nikavirudisha, maandishi nikayakuza, kijani nikairudisha kona yake. Haikuchukua dakika tano. Mama akabonyeza kijani, akaingia, akatoka. Akaingia tena, akatoka.

"Kwa hivyo si kichwa changu?"

"Si kichwa chako, Mama."

"Una uhakika?"

Aliniuliza hivyo mara tatu usiku ule. Mara ya tatu ilikuwa saa sita, kupitia mlango wa chumba changu.

Hapa ndipo ningeweza kuanza kuwatukana watengenezaji wa simu, na ningefurahia sana. Shida ni kwamba mimi mwenyewe natengeneza apu. Kazini kwetu tuna apu ambayo wenye maduka wanaagizia unga, sukari na mafuta. Miezi miwili kabla ya ile Pasaka tulihamisha kitufe cha kuagiza. Kilikuwa chini, kikaenda juu, kikabadilika kutoka neno kuwa picha ya kikapu. Kwenye skrini ya ofisini kilipendeza. Siku zilizofuata wateja wakaanza kupiga simu. Mmoja, mama mwenye duka Githurai, alipiga mara nne. Mwenzetu wa huduma kwa wateja akaandika: mteja hajui kutumia apu. Mimi ndiye niliyelifunga lile lalamiko. Niliandika neno moja tu: atazoea.

Nililala Voi nikilifikiria neno hilo. Kwani huyo mama wa Githurai alijiuliza nini alipokitafuta kitufe asikione? Labda alitutukana, na nadua iwe hivyo. Lakini labda alisema kama Mama yangu, nimeanza.

Wanaolalamika kwa sauti ni wale wenye uhakika kwamba kosa si lao. Mwaka 2012 Microsoft ilipotoa Windows 8 bila kile kitufe cha Start, kitufe ambacho watu walikuwa wamekizoea kwenye kona ya chini tangu Windows 95, kelele zilikuwa nyingi, na mwaka uliofuata toleo la 8.1 likakirudisha. Mwaka 2018 Snapchat ilipobadilisha muonekano wake, watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka ule wa zamani. Hao ni watu wanaojua kwamba kitu kilikuwa kizuri na mtu fulani amekiharibu. Mama hakujua kwamba kuna mtu. Kwake simu ni kama jiko. Jiko halihami usiku. Ukiamka usilione, wewe ndiye mgonjwa.

Kuna watakaosema, basi asisasishe. Si rahisi hivyo. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kwenye Windows. Mei mwaka huohuo programu hasidi iliyoitwa WannaCry ikaingia kupitia tundu hilohilo, kwenye kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa kile kiraka. Uingereza hospitali zilihairisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Simu ya Mama ina M-Pesa, na ndani ya M-Pesa kuna pesa za leso. Sitaki ibaki na tundu. Niliposema ni ya usalama sikuwa nadanganya.

Kinachoniudhi ni kwamba hivi viwili vinakuja pamoja. Ni kama fundi uliyemwita abadilishe kufuli. Unarudi jioni, kufuli ni mpya na imara, sawa, lakini pia amehamisha kitanda, amegeuza kabati, na mlango wa choo sasa uko upande mwingine. Ukiuliza, anakuambia hivi ndivyo nyumba za siku hizi zilivyo. Kwani nani alimuuliza mwenye nyumba?

Hilo neno lenyewe, sasisha, limetoka kwenye sasa. Kukisasisha kitu ni kukifanya kiwe cha sasa. Lakini sasa ya nani? Mama alikuwa na sasa yake, na ilikuwa inafanya kazi. Kila jioni ilikuwa inaniletea dakika sita za Voi: bei ya nyanya, nani ameoa, tembo wameonekana wapi.

Niliporudi kazini nililifungua tena lile lalamiko. Nikampigia yule mama wa Githurai mwenyewe. Alikuwa ameshahama, siku hizi anaagiza kwa kumpigia simu muuzaji wa jumla, kama zamani. Nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa kijana, hicho kitufe kilikuwa kimekukosea nini?" Sikuwa na jibu. Nikalibeba swali lake kama lilivyo mpaka kwenye mkutano wa Jumatatu. Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, kisha tukabishana saa nzima. Hatukukirudisha chini. Tulikubaliana kuandika neno Agiza kando ya kile kikapu, na kwamba siku nyingine tukihamisha kitu, apu itamwonyesha mtu kilipokwenda kabla hajaanza kutafuta. Ni kidogo. Najua ni kidogo.

Mama amerudia sauti zake. Ya kwanza baada ya Pasaka ilikuwa ya dakika tisa, na nyingi kati yake zilikuwa za kumweleza jirani, simu ikiwa bado inarekodi, kwamba yeye hana ugonjwa wowote, ni simu ndiyo iliyokuwa imehamishwa vyombo.

Jana jioni ikaja nyingine, fupi, sekunde kumi na mbili. Anaongea polepole, karibu na kipaza sauti, kama mtu asiyetaka simu yenyewe isikie.

"Mwanangu, lile neno limekuja tena. Nibonyeze?"

Nimeisikiliza mara kadhaa. Nikisema bonyeza, huenda akaamka kwenye nyumba asiyoijua. Nikisema usibonyeze, namwachia mlango wazi. Nimemjibu asiliguse kwanza, anisubiri tubonyeze tukiwa wote. Nimeshakata tiketi ya Ijumaa. Na karatasi ya daftari nimebeba.