Wali Tunaoulima na Afya Zetu: Nilichojifunza Nyumbani kwa Mama

Mara nyingi hapa tunazungumza mbegu, mbolea na bei ya gunia. Leo naomba tuzungumze kilichomo ndani ya sufuria. Wengi wetu tunalima mpunga, tunauza mchele na tunakula wali asubuhi mpaka usiku. Nataka nikueleze wali huo unafanya nini mwilini, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nimezaliwa bonde la Kilombero, kwenye familia ya mpunga. Mwaka 2018, nikiwa na mwaka mmoja tu kazini baada ya kumaliza stashahada, nilikwenda likizo nyumbani. Mama alikuwa na kipande kama robo ekari nyuma ya nyumba, karibu na mfereji. Humo alipanda mchicha, matembele, kunde, bamia na mapapai machache. Mimi bwana shamba mpya nikapiga hesabu pale pale. Nikamwambia, "Mama, hapa pana maji. Tukitengeneza jaruba tukapanda SARO 5, utavuna magunia sita bila shida. Mboga si utanunua sokoni?"

Mama alisita kidogo, kisha akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma." Msimu huo huo bustani ikawa jaruba.

Kwa upande wa magunia sikukosea. Mpunga ulitoka vizuri, na mama akaongeza mabati. Kilichobadilika ni sahani. Mboga ya kununua ina siku zake: hela ikiwepo inanunuliwa, isipokuwepo wali unateremshwa na mchuzi wa nyanya na kitunguu. Nyumba yenye mpunga stoo haiwezi kusema ina njaa, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo. Hata mimi sikuliona.

Mwaka 2022 mama akaanza kuchoka bila sababu. Alikunywa maji mengi, usiku akaamka mara nne kwenda haja ndogo, na miguu ikawa inakufa ganzi. Akajikwaa kwenye kisiki, na kidonda kidogo cha kidole cha mguu kikakaa miezi miwili bila kufunga. Wapo majirani waliosema amekanyaga dawa ya mtu. Nikampeleka kituo cha afya asubuhi, akiwa hajala kitu tangu usiku. Muuguzi akamtoboa kidole, kimashine kikasoma 18.4. Mtu ambaye hajala tangu usiku hatakiwi kufika hata 7.

Muuguzi akamuuliza, "Mama, jana asubuhi ulikula nini?"

"Kiporo cha wali na chai, mwanangu."

"Mchana?"

"Wali."

"Na usiku?"

"Wali pia. Sasa mkulima wa mpunga atakula nini?"

"Na mboga je?"

Mama akanitazama mimi, hakumjibu muuguzi. Mtazamo ule ninao mpaka leo.

Sasa nisikilize vizuri. Sisemi wali peke yake ndio uliompa mama kisukari. Umri ulikuwepo, uzito ulikuwepo, na kaka yake mkubwa naye anaumwa ugonjwa huo huo. Tena wali ni chakula kizuri: unatia nguvu, ni mwepisi tumboni, na tumelelewa nao. Shida inaanza pale unapoliwa mweupe kabisa, mwingi, kila mlo, bila kitu cha maana pembeni.

Tuanzie mashineni, maana hapo ndipo wengi tunapopoteza bila kujua. Ukikoboa kilo 100 za mpunga, maganda magumu ni kama kilo 20, na pumba laini ni kama kilo 8 mpaka 10. Maganda hayana faida tumboni, hayo yaende kuchomea tofali. Lakini zile pumba laini ndizo zenye nyuzinyuzi, mafuta mazuri, madini na sehemu kubwa ya vitamini B. Gramu 100 za mchele ulioondolewa maganda tu zina kama miligramu 0.4 za vitamini B1. Ukishang'arishwa ukawa mweupe, hubaki chini ya 0.1. Wewe unabaki na wanga, kuku wako wanapata kilichobaki. Ndiyo maana wananawiri.

Habari ya kuku hao si mzaha. Kule kisiwa cha Java, miaka ya 1890, daktari wa Kiholanzi aliyeitwa Christiaan Eijkman aliona kuku wake wanalegea miguu na kushindwa kusimama, mfano wa ugonjwa wa beriberi uliokuwa ukiwasumbua watu wa huko. Ikagundulika kuwa kuku walikuwa wanalishwa wali mweupe. Waliporudishiwa mchele wenye pumba zake, wakapona. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyotokana na kuku wale. Mtu anayekula wali mweupe mtupu kwa miezi anaweza kufika huko. Mtu anayekula na maharage na dagaa, B1 anaipata humo.

Jambo la pili ni sukari ya damu. Wali mweupe ni wanga usio na nyuzinyuzi za kutosha, kwa hiyo ukishaliwa unageuka sukari haraka na kuingia kwenye damu kwa mkupuo. Mwili unapambana kuishusha. Ukifanya hivyo mara tatu kwa siku, miaka na miaka, kwa baadhi ya watu mwili unachoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha watu zaidi ya 130,000 katika nchi 21, ulionyesha kuwa waliokula gramu 450 au zaidi za wali mweupe uliopikwa kwa siku walikuwa na hatari ya kupata kisukari iliyozidi kwa asilimia 20 hivi, ukilinganisha na waliokula chini ya gramu 150. Gramu 150 ni kama kikombe kimoja cha wali. Jiulize sahani yako ya mchana ina vikombe vingapi.

La tatu ni kile ambacho wali hauna. Hauna vitamini A, na madini ya chuma ni kidogo sana. Mjamzito anayeshindia wali na mchuzi wa nyanya yuko hatarini kuishiwa damu. Mtoto anayeachishwa ziwa kwa uji wa mchele mtupu atashiba na kulala, lakini hakui inavyotakiwa. Watoto wa namna hiyo nawaona kwenye nyumba zenye magunia thelathini stoo.

Basi tufanye nini? Haya ndiyo tuliyoyafanya nyumbani, nami nakushauri uyafanye.

Kwanza, mchele wa kula nyumbani usiung'arishe. Mwambie fundi wa mashine apitishe mara moja tu, asirudie kwa ajili ya weupe. Mbona kwenye mahindi tunajua tofauti ya dona na sembe? Mpunga nao una dona yake. Lakini koboa kidogo kidogo, wa wiki mbili hivi, kwa sababu pumba zina mafuta na mchele huo huvunda mapema kuliko mweupe. Mpunga wenyewe uache kwenye gunia, hautaharibika ukiwa mkavu. Kabla ya kupika loweka kama saa moja, na ongeza maji. Usiuoshe mara tano mpaka maji yawe meupe pe. Mara moja au mbili inatosha, vinginevyo vitamini zinaondoka na maji.

Pili, badilisha mpangilio wa sahani. Nusu iwe mboga za majani, robo iwe maharage, kunde, dagaa, samaki au yai, na robo inayobaki ndiyo wali. Mama alilalamika wiki ya kwanza kwamba nimemfanya mgonjwa wa hospitali. Wiki ya tatu alizoea.

Tatu, usile wali kila mlo. Asubuhi kula kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha na karanga, usiku ugali wa dona. Mwenye kisukari akumbuke kwamba hivyo navyo ni wanga: apime kiasi, na asiache dawa alizopewa eti kwa sababu ameanza kula mchele usiong'arishwa. Mchele huo nao hupandisha sukari, ila taratibu zaidi.

Nne, kiporo. Wali uliolala kwenye sufuria usiku kucha kwenye joto la huku kwetu unaweza kuota vijidudu vinavyotoa sumu ya kutapisha na kuharisha. Ukiupasha moto vijidudu vitakufa, lakini sumu nyingine haiondoki. Pika unaotosha.

Tano, mtoto aliyeanza kula, uji wake wa mchele uchanganye na karanga zilizosagwa au unga wa dagaa, na umpe mboga za majani na papai.

Nawe mfanyabiashara, kuna hesabu hapa. Kila kilo ya pumba laini inayobaki kwenye mchele ni kilo unayouza kwa bei ya mchele badala ya bei ya pumba. Najua mteja wa mjini anapenda mchele mweupe, na sikuambii ubadilishe mzigo wote. Tenga kilo ishirini, uziweke pembeni na umweleze mteja ni nini na unapikwaje. Mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani atakusikiliza. Ila usiweke mzigo mkubwa, usije ukavundia mikononi mwako.

Mama anaendelea na dawa. Kidonda kilifunga baada ya miezi minne, na kidole hakikukatwa, ingawa daktari alishatuambia tujiandae. Asubuhi anasoma 7 au 8, siku nyingine 9. Kisukari hakijaondoka na hakuna mtu aliyetuahidi kwamba kitaondoka.

Ile robo ekari tuliigawa. Nusu tuliirudisha bustani, nikachimba matuta mwenyewe kwa jembe, bila kibarua. Nusu imebaki jaruba, na tukishavuna mpunga tunatupa choroko kwenye unyevu uliobaki. Magunia yamepungua. Siku tunapanda mchicha wa kwanza, mama alikuwa amekaa kwenye kiti kivulini, mguu umefungwa bandeji. Akaniuliza kwa sauti ili majirani wasikie, "Bwana shamba, hapa utapata magunia mangapi?" Wakacheka wote, nami nikacheka, ingawa sikuwa na jibu.

Tangu hapo nikimtembelea mkulima sianzi kwa kuuliza ekari. Nauliza mboga zako ziko wapi. Nakuomba nawe ujiulize hivyo msimu huu kabla hujafyeka na kupanua jaruba: tenga kwanza kitalu cha mboga, hata hatua kumi kwa kumi. Na kama una kiu isiyoisha, unaamka usiku mara kwa mara au una kidonda kisichopona, nenda zahanati ukapime sukari wiki hii, usisubiri mavuno.