"Itakulisha?"

Nilipomwambia baba nachukua fasihi, aliuliza neno moja tu: "Itakulisha?" Nikanyamaza.

Mwaka 1852, mjini Dublin, Padri John Henry Newman alikabili swali hilohilo. Katika mihadhara yake alisema maarifa yana thamani yenyewe, hata yasipoingiza senti. Kazi ya chuo kikuu ni kupanua akili, iweze kupima mambo. Chuo chake kilifunguliwa 1854. Serikali haikutambua shahada zake, wanafunzi wakawa wachache. Iliyostawi hasa ni shule ya udaktari!

Baba angecheka: "Si nilikwambia?" Kweli, mzee. Lakini mihadhara ile ingali inasomwa. Mimi nimeisoma kwa mshumaa, umeme umekatika, tumbo linaunguruma. Sasa jibu ninalo. Baba, huenda isinilishe. Naichukua hivyohivyo.