Ukungu wa Miwani na Mtoto wa Jicho

Kwa miezi kadhaa mzee yule hakuweza kumaliza aya mbili za gazeti bila kuvua miwani yake na kuifuta. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Lodwar, na kila juma alipanda gari kwenda Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, kuwasahihishia insha vijana wa kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa huko mwaka 1992. Njiani aliiweka miwani juu ya dashibodi, akasinzia. Alipofika aliifuta kwa pindo la shati, akaipulizia pumzi, akaifuta tena. Ukungu haukuondoka. Kwa mtu aliyeishi kwa kusoma, hofu ya upofu si jambo la kuzungumzwa barazani. Hakumwambia hata mkewe.

Lodwar iko karibu nyuzi 3 tu kaskazini mwa ikweta, na jua lake halina utani. Mnunurisho wake una sehemu isiyoonekana, yaani miale ya urujuanimno, ambayo ina nguvu ya kutosha kukata minyororo mirefu ya molekuli inayounda plastiki. Mnyororo ukishakatwa, ncha zake hubaki na uchu wa kuungana na chochote kilicho karibu, aghalabu oksijeni ya hewani. Hapo huzaliwa molekuli mpya zinazomeza mwanga wa buluu, na kilichokuwa cheupe kama maji huonekana cha manjano. Anayetaka ushahidi na atazame taa za mbele za matatu kuukuu katika stendi ya Lodwar. Vifuniko vyake ni vya polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika upesi. Utando unaoikinga ukishachakaa, macho ya gari huwa kama ya mgonjwa wa homa ya manjano.

Lenzi za mzee hazikuwa za polikaboneti, bali za plastiki iitwayo CR-39, iliyobuniwa Marekani mwaka 1940. Kwa miongo mingi imetumiwa badala ya kioo, ingawa sisi wasemaji tumeendelea kuiita kioo bila haya. Plastiki hiyo ina tabia ya ajabu: chembe za alfa zitokazo katika gesi ya radoni zikiipiga, huacha vijia visivyoonekana. Ikichovywa katika magadi makali ya sodiamu, vijia hivyo hupanuka na kuweza kuhesabiwa kwa hadubini. Kwa hiyo wanasayansi huitumia kupima mnunurisho majumbani na migodini. Polima inayomsaidia mtu kusoma nayo husomwa.

Hata hivyo, si jua peke yake lililoiharibu miwani ile. Kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno, lakini joto la dashibodi halikuzuiliwa na mtu. Plastiki hutanuka kuliko utando mwembamba uliopakwa juu yake, na utando ukishindwa kuifuata hupasuka nyufa ndogo mno, kama tope la mto Tarach baada ya mafuriko. Kisha kuna mchanga. Punje zake ni ngumu kuliko lenzi, na kila alipofuta kwa shati lenye vumbi, mzee alikuwa akiikwangua.

Hatimaye alikwenda kupimwa mjini Lodwar. Muuguzi, binti wa umri wa wanafunzi wake wa zamani, aliishika miwani akaielekeza dirishani.

"Mzee, hii imechoka. Lakini ivue kwanza, utazame ukutani. Ukungu umeondoka?"

Mzee alifumba jicho moja, kisha la pili.

"Kulia umeondoka, binti yangu. Kushoto upo palepale."

Binti akawasha kurunzi. Ndani ya mboni ya kushoto palikuwa na weupe.

Kiswahili huuita mtoto wa jicho, jina lenye upole usioustahili ugonjwa wenyewe. Lenzi ya kuzaliwa imejaa protini, nazo protini ni polima pia. Miaka hupita, protini hugandana na kugeuka manjano, na urujuanimno ni miongoni mwa vinavyoharakisha hali hiyo, ingawa uzee ndio mkosaji mkuu. Tiba ni kuitoa lenzi hiyo na kuweka nyingine. Harold Ridley, daktari wa London, aliliwaza jambo hilo baada ya kuona kwamba vipande vya akriliki vya vyumba vya marubani vilikaa machoni mwa majeruhi wa vita bila kuleta uvimbe. Mwaka 1949 alimwekea mgonjwa lenzi ya akriliki.

"Plastiki ndani ya jicho?" mzee aliuliza. "Si itageuka kama taa za matatu?"

Swali lilikuwa la haki. Akriliki haina zile pete za kaboni ambazo katika polikaboneti hunasa urujuanimno kwa pupa, hivyo huzeeka polepole. Isitoshe, konea huimeza miale mifupi zaidi kabla haijafika ndani. Kasoro ya akriliki tupu ni nyingine: huiacha miale iliyobaki ipenye hadi kwenye retina, miale ambayo lenzi ya kuzaliwa ilikuwa ikiizuia. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 watengenezaji walianza kuchanganya humo kemikali za kuinasa.

Binti alimweleza hayo kwa maneno machache, akamwandikia tarehe ya upasuaji. Mzee aliisoma kwa jicho la kulia, akaikunja karatasi, akaiingiza mfukoni pamoja na miwani. Jioni ile alimwambia mkewe.