Boma la Mahenge na Njaa Iliyofuata

Ukitoka Ifakara kuelekea kusini utauvuka mto Kilombero, ambao kwa miaka mingi watu na magari waliuvuka kwa pantoni, na siku hizi una daraja. Kisha barabara hupanda milima, joto la bondeni hupungua, na hatimaye unafika Mahenge, wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro. Hapo Wajerumani walikuwa na boma la jeshi, mbali kabisa na pwani, ili kuwatawala watu wa milima na bonde.

Mama mwenzangu, wengi wetu tulisoma shuleni habari za vita vya Maji Maji. Lakini sehemu inayotuhusu zaidi sisi akina mama haisimuliwi sana. Karibu tuitazame.

Siku ya shambulio

Vita vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, watu walipochoshwa na kazi ya lazima katika mashamba ya pamba, kodi na viboko. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji ya dawa, wakaamini kwamba risasi za Mzungu zingegeuka maji. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, lakini habari ya dawa ilikwisha kuenea, ikawafikia Wapogoro na Wambunga.

Asubuhi ya tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya watu waliliendea boma la Mahenge, lililokuwa chini ya Kapteni von Hassel. Ndani walikuwamo Wajerumani, askari weusi, na wamisionari waliokimbilia humo. Bunduki mbili za rashasha ziliwaangukia washambuliaji wakiwa bado mbali. Mmisionari mmoja aliyeshuhudia aliandika kwamba safu zao zilipungua mbele ya macho yake, lakini waliobaki wakaendelea kusonga kwa utaratibu kwa muda wa kama robo saa, ndipo wakatawanyika na kujibanza nyuma ya miamba. Mara likatokea kundi jingine upande wa pili, ambalo alilikadiria kuwa si chini ya watu 1,200. Wengine walianguka hatua chache tu kutoka mbele ya bunduki.

Mmisionari huyo alieleza pia kwamba hata wao walilazimika kushiriki kupiga risasi ili kujilinda. Habari hii ni nzito kwetu Wakristo. Waliokuja na Habari Njema walionekana siku ile wakiwa upande wa ndani wa kuta, bunduki mkononi. Tusishangae kwamba iliwachukua wazee wengi miaka kutofautisha kanisa na serikali.

Silaha iliyoua zaidi

Boma halikuanguka. Lilizingirwa kwa majuma kadhaa, hadi jeshi kutoka Iringa lilipokuja kuliokoa. Kisha Wajerumani wakatumia silaha nyingine: njaa. Vijiji vilichomwa, maghala yakamwagwa au kuchukuliwa, na mazao yakaharibiwa shambani. Serikali ya Wajerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wamesema huenda walifika 250,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi.

Bwana na Bibi Culwick walifanya uchunguzi wa idadi ya watu wilayani Ulanga katika miaka ya 1930. Ilionekana kwamba njaa ile ilipunguza uzazi wa wanawake walionusurika kwa zaidi ya asilimia 25. Sisi wauguzi hatushangai. Mwanamke akikonda kupita kiasi, siku zake hukatika. Akishika mimba, huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na uzito mdogo, kisha maziwa yakawa haba. Basi hesabu ya vita vile haikuishia makaburini, maana wako pia watoto ambao hawakuzaliwa.

Baada ya hapo

Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Mahenge. Utawala wa Mjerumani ukaisha huko, na nchi ikawa ya Mwingereza.

Mahenge ina habari njema pia. Kuanzia mwaka 1960, daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliwatibu huko watu wenye kifafa, ambao walikuwa wakiogopwa na kutengwa hata na jamaa zao. Mgeni huyu alikuja na dawa ya kweli, akawagusa watu ambao hakuna aliyetaka kuwagusa.

Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa ajili ya vita vya Maji Maji. Kusamehe ni agizo la Bwana wetu, lakini mtu hawezi kusamehe jambo asilolijua. Kwa hiyo tuwaulize wazee wetu bibi zao walikula nini miaka ile, na tuwasimulie watoto. Na kila tunaposikia vita mahali popote, tusiulize tu nani ameshinda. Tuulize akina mama wa huko wana chakula gani ndani, kisha tuwaombee na kuwachangia.